Vijana Wasome Riwaya Gani? Jibu Kutoka Igunga

Kila shule zikifungwa hapa Igunga huwa nakutana na swali hili: "Mwanangu yuko kidato cha pili, asome riwaya gani?" Kabla sijafungua mdomo, muulizaji hujijibu mwenyewe: "Lakini iwe na maadili, eh!" Basi leo tulijadili bila kuoneana haya. Sisi tunaojaribu kuandika linatuhusu, maana kijana asiyesoma leo hatatusoma kesho.

Nianze na wanaodharauliwa. Mimi sikuingia kwenye riwaya kwa mlango wa darasani. Niliingizwa na Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974). Nakala yenyewe haikuwa na jalada. Ilikuwa imepita kwa madereva na mautingo wa malori yanayolala hapa yakienda Mwanza, ndipo ikanifikia. Akafuata Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wakubwa walituambia hivyo ni vitabu vya kihuni. La hasha! Ndivyo vilivyonitia hamu ya kujua ukurasa unaofuata una nini, na bila hamu hiyo hakuna msomaji. Lakini tusiwe mashabiki vipofu. Wanawake katika riwaya hizi mara nyingi ni pambo au mtego. Msichana akisoma tano mfululizo atajiuliza yeye mwenyewe yuko wapi. Kwa hiyo kijana aanzie hapo, asiishie hapo.

Pili, Takadini ya Ben Hanson. Wengi mnaijua kwa sababu ya mtihani, na hapo ndipo kasoro ilipo. Mwanafunzi anakariri dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi kutoka kwenye notsi za kununua, anapata alama zake, kitabu hajakigusa. Ataandika "mila potofu" bila kuogopa hata kidogo pamoja na Sekai, mama anayetoroka usiku na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Jamani, habari hii si ya Zimbabwe peke yake. Miaka ya 2007 na kuendelea watu wenye ualbino waliuawa katika mikoa yetu hii ya magharibi na kanda ya ziwa. Kijana wa Igunga anaposoma Takadini anasoma habari za jirani yake. Mnyime notsi, mpe kitabu.

Tatu, na hapa ndipo penye ugomvi: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaja kufundishwa. Mwaka juzi nilimwazima binti mmoja wa kidato cha tatu. Siku ya tatu akanisimamisha njiani.

"Shikamoo kaka. Hivi huyu aliyeandika alimjua baba yangu?"

Alikuwa anamsema Zakaria, baba mlevi anayempiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Wiki haikuisha, baba mtu akaja kwangu na kitabu ndani ya mfuko wa rambo. Eti namfundisha mwanawe umalaya. Nikamuuliza, "Mzee wangu, umekisoma?" Hakuwa amekisoma. Nikamwomba akisome kwanza, kisha aje anitukane vizuri. Alikichukua. Mpaka leo hajarudi, sijui anasoma au alikiwashia jiko.

Hoja yangu ni hii. Riwaya ile haimwonyeshi msichana njia ya kupotea. Inamwonyesha mzazi jinsi fimbo inavyoshindwa kulinda. Rosa anakatazwa wavulana wote, haelezwi lolote, na siku anapokuwa mbali na macho ya baba hana kipimo chochote cha kumpima mtu. Je, mambo hayo hayapo kwetu? Ni mwaka 2021 tu ndipo serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Kabla ya hapo aliyepata mimba alifukuzwa, na mwanamume mara nyingi aliendelea na shughuli zake kama kawaida.

Sisemi riwaya haina kasoro. Mwishoni mwandishi anarundika maafa kwa pupa, na adhabu inamwangukia Rosa kuliko wanaume waliomchezea. Ndiyo maana nasema isomwe mashuleni na majumbani, kwa kubishana, isisomwe kwa kujificha chini ya blanketi. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, ule mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwamo, kwa sababu za maadili. Mimi pia nataka maadili. Ila kijana tunayemfungia kitabu anayo simu mfukoni, na simu haina mwalimu wa kubishana naye.

Mwisho, Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022 kutoka Paradise ya mwaka 1994. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na "ami" Aziz, na anakuja kugundua kwamba si ami hata kidogo. Baba yake amemweka rehani kwa deni. Baadaye anafuata msafara wa tajiri huyo kuja bara. Sisi wa Unyamwezi, ambako njia za misafara zilipita na wapagazi walitoka, tuisome kwa macho makali. Wahusika wa pwani wanawaita watu wa bara washenzi. Kijana wetu akikasirika, vizuri! Amwulize babu yake habari za misafara zilisimuliwaje upande huu.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenu, waandishi wenzangu. Katika nilizozitaja, moja inaanzia Ukerewe, nyingine Zimbabwe, nyingine pwani. Binti yule aliyemwona baba yake ndani ya Zakaria ilibidi avuke ziwa kumkuta. Riwaya ya kijana wa stendi yetu, ya msichana anayehesabiwa ng'ombe wa mahari huku daftari la hesabu liko mapajani, itaandikwa na nani? Wazazi wataendelea kuniuliza kila likizo. Nami ningependa siku moja niwape jina la mmoja wenu.