Misumari ya Shaba kwenye Mwerezi

Mwerezi mwekundu ulioishi msituni miaka ipatayo 800 hauna mbadala ukiharibika. Gogo la aina hiyo ndilo alilochonga James Hart, fundi na chifu wa Wahaida, jamii ya wenyeji wa asili wa Kanada, ambaye jina lake la kichifu ni 7idansuu. Sanaa hii aliipata kwa kufanya kazi na mabingwa wake, Robert Davidson na Bill Reid. Safari hii alipaswa kuchonga habari za shule za bweni za Kanada, ambako watoto wa wenyeji wa asili wapatao 150,000 walipelekwa, mbali na wazazi wao, na wengi wakaadhibiwa kwa kusema lugha zao. Ya mwisho ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990.

Nguzo yake ya Maridhiano ipo Vancouver, katika Chuo Kikuu cha British Columbia, kwenye ardhi ya jadi ya Wamusqueam. Ina urefu wa mita 17 hivi, nayo husomwa kuanzia chini. Chini kuna maisha ya kabla ya shule: samaki samoni, dubu, kunguru. Shule yenyewe, iliyochongwa kwa mfano wa shule ya bweni ya Coqualeetza alikosoma babu yake Hart, imekaa katikati. Mpangilio huo tu unastahili kutazamwa kwa muda mrefu. Shule haikufanywa msingi wala kilele. Kulikuwa na watu kabla yake, na juu yake watu wanaendelea.

Juu ya shule wamesimama watoto wenye sare na namba walizopewa badala ya majina. Wameshikana, ila nyayo zao hazionekani. Hart hakuzichonga, kwa kuwa miaka ile watoto hao hawakuwa na pa kukanyaga. Mtu mwenye tezo kali mkononi na mti mzuri mbele yake hushawishika kuchonga kila kitu. Kujizuia namna hii ni ufundi wa hali ya juu.

Kisha kuna misumari ya shaba, maelfu kwa maelfu, ya kuwakumbuka waliofia shuleni. Kwa Wahaida shaba ni mali na heshima ya machifu. Ndiyo maana naona chuma kisingefaa: mtoto aliyezikwa bila kaburi la kueleweka anahesabiwa hapa kama hazina ya ukoo. Hart hakuipigilia peke yake. Nyundo zilishikwa na walionusurika, jamaa zao, na hata wanafunzi wa leo.

Karibu na kilele, mtumbwi wa wenyeji na mashua ya Wakanada wengine vinasafiri sambamba, kila kimoja na umbo lake. Tarehe 1 Aprili 2017 mamia ya watu, wa asili na wasio wa asili, walishika kamba wakaivuta nguzo hadi ikasimama.