Injini Inayokunywa Maji Bila Kumwaga Tone

Hiace kuukuu ya dizeli inayobeba abiria na magunia kati ya Tarime mjini na Itiryo, huko karibu na mpaka wa Kenya, inaweza kuongezwa maji kila asubuhi kwa miezi bila mtu kuona tone chini yake. Fundi wa kwanza atasema gasketi. Wa pili atasema hedi imepasuka. Hedi ikishushwa, mwenye gari ameshalipa gasketi, kusaga uso wa hedi na siku zote ambazo gari lililala gereji, na bado maji yanaweza kuendelea kupungua vilevile. Mafundi hao huenda wana mikono mizuri tu. Gari limetazamwa saa isiyofaa, tena likiwa na maji matupu.

Tuanze na hayo maji. Kulanti ina rangi, na ikivuja ikakauka huacha ukoko wa kijani au wa pinki palepale ilipotokea. Maji ya kisima au ya mto huacha doa hafifu tu, na vumbi la barabara hulifunika kabla jua halijazama. Halafu boneti hufunguliwa injini ikiwa ya moto, wakati ambapo tone likigusa manifoldi ya moshi au ubavu wa bloku hugeuka mvuke papo hapo. Alama tumeziondoa wenyewe, kisha tunashangaa kuzikosa. Maji matupu pia hayana dawa ya kuzuia kutu, kwa hiyo ndiyo yanayotoboa chuma kutoka ndani.

Milima ya Tarime nayo inaongeza jambo lake. Mahali penye kimo cha mita 1,500, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Injini yenyewe hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachoiokoa ni mfuniko wa rejeta: ule ulioandikwa 0.9 hushikilia presha ya takribani PSI 13 na kusogeza kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 116 hivi. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, maji huchemka kwenye mwinuko, yanasukumwa kwenye tangi la akiba, yanamwagika njiani kupitia kijibomba cha juu, na dereva akisimama hakuna cha kuona. Mfuniko mpya wa namba ileile ni rahisi kuliko kitu kingine chochote nitakachokitaja hapa, na ndio wa kubadilisha kwanza. Kung'oa themostati, dawa inayopendwa sana barabarani, hakutibu lolote kati ya haya.

Mfuniko ukiwa mzima na maji bado yanapungua, pima presha asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Kipimo chenyewe ni pampu ya mkono yenye geji inayofungwa kwenye mdomo wa rejeta. Asiyekuwa nacho anaweza kuchukua mfuniko wa zamani, akatoa springi na valvu ya ndani, akatoboa juu na kufunga valvu ya tyubu, kisha akabana ule mpira mwembamba unaokwenda tangi la akiba. Pampu ya baiskeli inatosha. Jaza maji hadi juu, panda mpaka PSI 13 na usizidishe, maana rejeta yenye vichwa vya plastiki iliyozeeka hupasuka. Sasa ondoka, kanywe chai. Chuma kikiwa baridi hakikaushi kitu. Tone litakalotoka litabaki pale likikungoja.

Ukirudi na geji imeshuka, usikimbilie mbele ya injini tu. Pampu ya maji ina kitobo kidogo chini ya shafti yake, na unyevu hapo maana yake sili imekwisha. Nyuma ya stata na chini ya manifoldi kuna visahani vya bati vilivyogongomewa kwenye bloku, ambavyo kutu hupenda kuvitoboa upande usioonekana. Zulia likiwa na unyevu miguuni pa abiria wa mbele, rejeta ndogo ya hita inavuja. Ila kwenye Hiace nyingi zilizotoka Japani ningeanzia chini ya sakafu: kuna hita ya pili ya abiria wa nyuma, na mabomba yake ya chuma yanapita chini ya bodi, yakipigwa mawe na tope mwaka mzima. Huku kwetu hakuna anayeiwasha, na wamiliki wengi hawajui kama ipo, lakini maji ya injini huifikia. Bomba likioza, zikate hosi zake mbili kule mbele na uziunganishe ziwe moja. Hita ya nyuma itakufa, na sidhani kama kuna abiria atakayelalamika.

Geji ikishuka huku kila mahali pakiwa pakavu, hapo sasa hedi inastahili kutuhumiwa. Acha presha usiku kucha, asubuhi toa nozeli zote, chomoa waya wa kukata dizeli kwenye pampu, kaa pembeni, kisha piga stata. Silinda itakayorusha maji ndiyo yenye ufa au gasketi iliyoungua. Usithubutu kupiga stata nozeli zikiwa mahali pake: maji hayabanwi, na kinachopinda ni konrodi. Dalili nyingine ni hosi ya juu kuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, au mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta, kwa kuwa gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Injini kama 1KZ ya Prado na Surf, yenye hedi ya alumini inayojulikana kwa kupasuka, ningeipima hivi mapema zaidi.

Baada ya matengenezo, jaza kulanti ya rangi, piga alama kwenye tangi la akiba injini ikiwa baridi, nenda Tarime urudi, kisha soma alama ileile kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha.