'Jambo Bwana' jukwaani: Kiswahili cha mgeni au cha mwenyeji?

Wapo walimu wa Kiswahili ambao wakiusikia wimbo 'Jambo Bwana' hukunja nyuso. Wanasema bendi ya Them Mushrooms, iliyouimba mwanzo katika hoteli za watalii huku Pwani na kuutoa kwenye santuri mwaka 1982, iliwafunza wageni Kiswahili kibovu, na sasa dunia nzima yatusalimu vibaya. Shutuma hizo nimezisikia Nairobi, nikazisikia hata kwenye baraza za Kibokoni, Mji wa Kale. Naona zina ukweli nusu tu.

Nusu hiyo tuikubali. Mtu wa Kibokoni hasalimu kwa 'jambo' tupu. Atakuuliza 'hujambo?' nawe umjibu 'sijambo'. Viambishi hu- na si- ndivyo vinavyomtaja anayeulizwa na anayejibu. Ukiving'oa, neno labaki halina mtu. Tena, habari ikiulizwa, sarufi yataka jibu liwe 'nzuri', maana 'habari' imo katika ngeli ya I-ZI. Katika wimbo huu masikio mengi, yangu yakiwemo, husikia 'mzuri'.

Lakini bwana, hebu sikiliza kitenzi ambacho mtunzi, Teddy Kalanda Harrison, amekitumia kuwakaribisha wageni: 'mwakaribishwa'. Hakusema 'mnakaribishwa'. Wakati huu wa -a- umo katika Kiswahili sanifu pia, ila bara wengi wameuachia vitabu na vichwa vya habari magazetini. Mombasa bado ni usemi wa kila siku. Pita Marikiti asubuhi utasikia 'wataka nini?' na 'waenda wapi?' bila mtu kudhani anatunga shairi. Kumbe ndani ya wimbo mmoja mna Kiswahili cha kumrahisishia mgeni na Kiswahili cha mwenyeji mwenyewe.

Nimetazama maonyesho kadhaa ya wimbo huu, ya bendi hiyo na ya nyingine zinazouiga. Kwenye santuri salamu hutolewa na kujibiwa na waimbaji wenyewe. Jukwaani mwimbaji huuliza kisha akanyamaza, gitaa likizunguka palepale, mpaka ukumbi ujibu. Sauti ikiwa ndogo, anauliza tena. Hapo yule mtu aliyeng'olewa kwenye 'jambo' hurudi: yupo mbele ya bendi, anajibu kwa kinywa chake. Na salamu za Waswahili ndivyo zilivyo, haziishi kwa neno moja. Utaulizwa hali, uulizwe wa nyumbani, ndipo mazungumzo yaanze. Kwa hili, onyesho la jukwaani laishinda santuri kwa mbali.

Dosari yake ni kwamba hadhira hurudishiwa maneno yaleyale mawili, 'jambo' na 'hakuna matata', hali kitenzi cha makaribisho kinapitishwa mbiombio. Basi maneno hayo ndiyo yaliyopata umaarufu. Boney M. walipotoa toleo lao mwaka 1983, yote mawili yalikuwa kwenye jina la wimbo. Mwaka 1994 filamu ya The Lion King ikaja na wimbo wake wa 'Hakuna Matata'. 'Mwakaribishwa' nani anaikumbuka?

Mtu ataniuliza, silabi moja ina uzito gani? Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, kikabaki cha nyumbani. Hadi leo mtoto wa Mji wa Kale akiandika 'nti' badala ya 'nchi' hutiwa kalamu nyekundu. Kama hata wimbo uliobeba usemi wa Pwani hadi ng'ambo tutauita mbovu wote, mtoto huyo atajuaje kwamba si kila anachokisema nyumbani ni kosa?

Kwa hiyo walimu wasiufukuze wimbo huu darasani. Warekebishe 'mzuri', waeleze hu- na si-, kisha wawaulize wanafunzi 'mwa-' imetoka wapi. Nazo bendi, zikifika kwenye makaribisho, zipunguze mwendo kidogo. Watu wanaoweza kujifunza 'hakuna matata' kwa usiku mmoja hawashindwi na 'mwakaribishwa'.