Matone Matatu ya Karafuu

Msimu wa karafuu Pemba, magunia yakishashushwa kutoka shambani, nyumba nzima hukaa jamvini kuchambua. Kishada kinashikwa kwa mkono mmoja, kinabanwa kwenye kiganja cha mkono wa pili, kinasokotwa mara moja tu, na karafuu zinadondoka huku vikonyo vikibaki vidoleni. Mzoefu hatazami anachofanya. Anazungumza, anacheka, anamkanya mtoto anayekanyaga jamvi, na lundo la karafuu linazidi kupanda. Karafuu huanikwa juani na kwenda kuuzwa. Makonyo nayo yana pa kwenda: kiwanda cha Wawi, Chake Chake, ndiko yanakotolewa mafuta ambayo baadaye mtu wa Tanga au Mombasa atayapaka shingoni bila kujua yametoka kwenye vijiti.

Pemba ilikuja kuwa mama wa karafuu baada ya kimbunga cha 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa imesimama. Kwa hiyo ujuzi wa zao hili umekaa huko muda mrefu, na kutoa mafuta ni sehemu yake ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haiwezi kuharakishwa.

Makonyo hupakiwa ndani ya pipa kubwa la chuma, kisha mvuke unapitishwa kutokea chini. Kiini cha mafuta haya ni eugenoli, ambayo ndiyo inayoipa karafuu harufu yake na ile ganzi ya ulimi. Ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 hivi, joto la kuunguza kila kitu. Ikisindikizwa na mvuke wa maji hutoka karibu na nyuzi 100, taratibu, haijaungua. Mvuke unaingia kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, unageuka maji tena, na kuanza kutiririka. Hapo ndipo karafuu inapojitenga na wenzake. Mafuta ya mchaichai au ya mkaratusi huelea juu ya maji na hutekwa kutoka juu. Ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama, na fundi huyangoja chini. Maji yanayobaki huwa bado na weupeweupe wa mafuta, na fundi mwenye uchungu na kazi yake huyarudisha kwenye pipa yachemke tena.

Mafuta hayo yakishafika nyumbani, ufundi wa pili ni wa kujizuia. Hayapakwi matupu, hata siku moja. Kiwango cha tahadhari kwa ngozi ni nusu ya asilimia moja, yaani vijiko viwili vya kula vya mafuta ya nazi, ambavyo ni kama mililita 30, hubeba matone matatu tu. Wengi hutia kumi, maana tumezoea kuipima dawa kwa ukali wake. Matokeo ni ngozi nyekundu inayowasha, na pengine mzio utakaorudi kila ikiguswa na karafuu. Mafuta ya nazi yenyewe ni mazuri zaidi yakiwa ya kupikwa nyumbani: tui huachwa kwenye moto mdogo mpaka maji yote yaishe, mafuta yajitenge, na mashapo yabaki chini yakiwa ya rangi ya kahawia. Moto ukizidi, yananuka kuungua, na harufu hiyo hata karafuu haiifichi.

Sasa mchuaji. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na anayeshinda ameinamia cherehani au simu huitwika misuli ya nyuma ya shingo mzigo huo kutwa. Mchuaji hodari haanzi kwa kushika, huanza kwa kuuliza. Umeanguka? Una homa? Mkono unakufa ganzi? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, atakwambia nenda hospitali, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Atauliza pia kama una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, maana kwa hao karafuu huwekwa kando, na hubaki mafuta ya nazi peke yake.

Kisha anakukalisha chini, paji la uso likiegemea mto. Anayapasha mafuta viganjani mwake. Haendi moja kwa moja panapouma. Anaanzia mabegani, kwa sababu msuli unaokaza shingoni umetandaa kutoka kisogoni hadi begani na kushuka katikati ya mgongo. Anapanda polepole, vidole gumba vikipita pande mbili za uti bila kuugusa mfupa wenyewe. Mbele ya shingo, mshipa unapopiga, hapaguswi kabisa. Akikuta kifundo, anakibana na kutulia. Anangoja utoe pumzi, anangoja tena, mpaka anasikia chini ya kidole kuwa pamelegea. Kuzungusha kichwa mpaka shingo ilie ni kazi ya wenye papara, na ni hatari. Mwishoni anaweka kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto, nawe unabaki hapo kimya mpaka kipoe.

Je, ni mafuta au ni mkono? Daktari wa meno huchanganya eugenoli na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda, na ganzi yake hapo ni ya kweli. Lakini matone matatu yaliyotandazwa kwenye ngozi ya shingo ni kidogo mno kufanya kazi hiyo. Yanatoa vuguvugu na harufu inayomfanya mtu atulie, na mtu aliyetulia huachia misuli. Mimi nauona mkono ndio mganga, na karafuu ni msaidizi wake mzuri.

Chupa iwe ya kioo cha rangi ya kahawia, ifungwe vizuri, iwekwe juu kabisa mtoto asipofika: mafuta haya yakinywewa, hata kidogo, yanaweza kuharibu ini la mtoto. Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu kati ya viwili, acha chupa dukani, mlipe mchuaji.