Juu ya Neno "Discord" na Jamaa Zake katika Kiswahili

Neno la Kiingereza "discord" lina maana mbili. Ya kwanza ni hali ya watu wasiopatana. Ya pili ni sauti zisikikazo pamoja wala hazipatani. Asili yake ni Kilatini: sehemu ya kwanza yaonyesha kutengana, na ya pili ni neno la moyo. Hivyo shina lake ni mioyo iliyotengana.

Mwalimu wa Kaagya akitaka kulifasiri hufungua kamusi. Kamusi za Kamati ya Lugha zilizotolewa mwaka 1939, pamoja na nyingine zilizozifuata, zimetufaa sana. Walakini kamusi ya lugha mbili mara nyingi hupanga maneno safu moja, kana kwamba yote yana uzito mmoja, na mwanafunzi huchukua lililo karibu. Katika jambo hili ugomvi, fitina na mfarakano haviwezi kushika nafasi moja. Atakayevichanganya aweza kumhukumu mtu asiye na hatia.

Ugomvi watoka katika kugomba, yaani kukaripia na kushindana kwa maneno. Ni jambo la wazi: majirani wausikia, na wenyewe wajulikana. Wahenga walisema vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mithali hii yafaa kuangaliwa sana, maana yaunganisha sauti na nyumba kama lifanyavyo lile neno la Kiingereza. Tena haisemi ya kuwa vyombo vimevunjika.

Fitina ni neno la Kiarabu. Shina lake huko lina habari ya kujaribu, kama dhahabu ijaribiwavyo motoni. Kwetu limekuwa neno la uchonganishi. Palipo na fitina pana mfitini, mtu wa tatu aliyepanda uadui kwa siri. Kwa hiyo neno hili si jina la hali tu, bali ni shtaka.

Mfarakano nao, kutoka faraka, ni neno la Kiarabu lenye maana ya kutengana. Halimtaji mwenye kosa. Lataja mwisho wa jambo, watu walipokwisha kuachana. Wafasiri wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 waliijua tofauti hii. Katika orodha iliyomo sura ya tano ya waraka kwa Wagalatia waliweka ugomvi, fitina na faraka kila kimoja mahali pake.

Imebaki kutopatana, neno pole kuliko yote, nalo peke yake ndilo lifaalo kwa watu na kwa sauti pia. Mpiga enanga wa Kihaya hulinganisha nyuzi zake kwanza. Uzi uliolegea hupotosha wimbo, nalo ni kosa. Lakini si kila sauti isiyopatana na mwenzake ni kosa. Watungaji wa nyimbo wa Ulaya huitia kwa kusudi, ili ile ipatanayo inayofuata ipokewe vema. Mwalimu wa waimbaji atenge mambo haya mawili: sauti iliyopotoka, na sauti isiyopatana kwa mpango.

Na tuyapime maneno haya kwa shauri moja la kwetu. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa babaye kwa wosia, naye mnunuzi hakuwa wa ukoo ule. Jamaa yake akashtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akisema kwamba sheria ya mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ile ilibatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa mwanamke haki. Mwezi wa Februari mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza iliamua kwamba mila hiyo yapingana na Haki za Binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke aweza kuuza kwa masharti yale yale yampasayo mwanamume.

Jambo lile tuliite nini? Mtu aliyezoea kusema kwamba kila linalotikisa ukoo ni fitina angelitumia neno hilo upesi. Lakini mchonganishi yu wapi? Mwanamke aliuza mchana, na jamaa yake alishtaki mchana. Wala ugomvi hautoshi, kwa kuwa haukuwa ushindani wa hasira tu. Ilikuwa kutopatana juu ya haki: mmoja alishika mila, mwingine alishika wosia wa baba. Kumwita mwanamke yule mfitini kungekuwa kumnyima haki kabla hakimu hajaketi.

Basi yeyote aandikaye habari za baraza la kanisa, au apelekaye barua ya shauri la kibanja, ajiulize mambo matatu. Je, watu hawa wamekwisha kuachana? Kama ndivyo, aandike mfarakano. Je, yuko mtu wa tatu aliyewachonganisha, na ushahidi upo? Hapo tu aandike fitina. Je, wanashindana kwa maneno ya hasira mbele ya watu? Huo ni ugomvi. Kama hakuna hata moja la hayo, aandike kwamba hawajapatana, kisha aeleze ni kwa jambo gani, ili asomaye apate kusikia pande zote mbili.