Nani Atahakikisha?

Kila mwaka shule za msingi Tanzania huandika mpango wa maendeleo. Kamati ya shule huupitisha, mwenyekiti husaini, na jedwali la vipaumbele huandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Wanaoukagua ni wengi. Wanaousoma kama maandishi, neno kwa neno, ni wachache.

Tuanze na vitenzi. Malengo karibu yote hufunguliwa kwa "kuhakikisha", "kuimarisha" au "kuboresha". Chukua mstari ambao mwalimu yeyote atautambua: "Kuhakikisha wanafunzi wote wa darasa la tatu wanajua kusoma." Nani atahakikisha? Kitenzi hakina nafsi. Ipo safu ya "mhusika", lakini humo utakuta "walimu", "jamii", au lile koti linalomtosha kila mtu, "wadau". Sasa uandike upya: "Mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tatu atawasikiliza watoto wanane wakisoma kila Jumanne na Alhamisi, na mwalimu wa taaluma atapitia daftari lake kila mwisho wa mwezi." Sentensi haina madoido, ila nafsi imerudi, na mtu wa kuulizwa yupo.

Safu ya muda nayo ina kituko chake. Mwaka wa fedha huanza Julai, mwaka wa masomo Januari. Mpango ukifika katikati, watoto wa darasa la tatu waliotajwa wameshahamia la nne.

Kisha kuna ule muundo wa "kutoka... hadi": "Kupandisha ufaulu wa darasa la saba kutoka asilimia 68 hadi 85." Ukisoma haraka utadhani ni watoto wale wale wanaopanda. Kumbe waliopata 68 wameshamaliza shule. Watakaopimwa ni wengine kabisa, pengine hodari zaidi, pengine waliokwama kusoma tangu la pili bila mtu kushtuka. Mstari unaowahusu hao wa la pili, kama upo, uko chini kabisa ya jedwali, na safu yake ya gharama ina kistari tu. Juu yake yamejaa matundu ya vyoo, madawati na nyumba ya mwalimu. Sidharau vyoo; kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 au wavulana 25 ni cha haki. Lakini jedwali hupenda kinachohesabika na chenye bei, na mtoto asiyejua kusoma hana ankara.

Kasoro kubwa iko kwenye safu ya chanzo cha fedha. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 ziende shuleni moja kwa moja, 4,000 zibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Kwa hesabu hiyo, shule ya wanafunzi 800 ina 400,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazijengi nyumba ya mwalimu, na mwalimu mkuu anajua. Anaiandika kwa sababu hitaji lisiloandikwa, halmashauri husema halipo. Hapo ndipo utaona kwamba jedwali moja limebeba maandishi mawili: ombi linalokwenda juu kwa wenye fedha, na ahadi inayokwenda chini kwa wazazi. Ombi lina haki ya kuwa refu. Ahadi ikirefuka hivyo haitekelezeki, na kipaumbele cha kumi na nne si kipaumbele tena.

Kwa hiyo, mjumbe wa kamati, kabla mwenyekiti wako hajasaini mpango wa mwaka huu, omba ugawanywe karatasi mbili. Moja iende halmashauri na maombi yote. Nyingine ibaki ukutani na mambo mawili au matatu ambayo shule itayafanya kwa ruzuku iliyopo na walimu waliopo, kila jambo likiwa na cheo cha atakayelifanya na siku atakayoulizwa.