Kicheko cha Waliosimama Nyuma

Filamu ya Life of Brian, kazi ya kundi la Monty Python iliyoongozwa na Terry Jones, ilipotoka mwaka 1979 ilipokewa na wengi kwa ghadhabu. Ireland iliipiga marufuku hadi mwaka 1987, na baadhi ya mabaraza ya miji ya Uingereza yakazuia isionyeshwe. Shutuma kubwa ilikuwa kwamba inamfanyia mzaha Yesu. Nimeitazama zaidi ya mara moja, na kila nikiitazama huona kuwa shutuma hiyo imekosea shabaha.

Brian si Yesu. Ni kijana aliyezaliwa hori la jirani, Yudea ikiwa chini ya Warumi, akaja kudhaniwa masihi bila ya yeye kutaka. Yesu mwenyewe anaonekana akihubiri mlimani kwa utulivu, wala hatanii wala hataniwi. Kisha kamera hurudi nyuma, na nyuma zaidi, mpaka ukingoni mwa umati ambako maneno hayafiki vyema. Hapo ndipo kichekesho huanza.

Mmoja wa waliosimama huko anasikia kwamba wenye heri ni watengeneza jibini. Kwa Kiingereza neno hilo hukaribiana kwa sauti na lile la wapatanishi. Mimi niliyezoea kazi ya tafsiri nilihangaika nalo sana, hata nikaona kuwa kwa Kiswahili asikiaye kwa mbali "wapatanishi" aweza kudhani ni "wapata nishani". Lakini kosa la sikio ni dogo. Kubwa ni linalofuata: mwenziwe anafafanua, kwa yakini ya mwanachuoni, kwamba neno lisichukuliwe kwa dhahiri yake, kwani linawahusu watengenezaji wote wa vitu vya maziwa. Kosa limekwisha kupata mfasiri.

Baadaye Brian anakimbia umati, na kubadhi lake moja linamchopoka mguuni. Hapo hapo wafuasi wanagawanyika. Huyu asema ni ishara, kila mtu avue kiatu kimoja. Yule asema viatu vikusanywe. Wengine wanashika kibuyu alichokuwa nacho. Madhehebu yamezaliwa kabla mwenye kiatu hajafika mbali, na hakuna aliyemuuliza.

Si kila kicheko cha filamu hii kina uzito huo. Kumcheka Pilato kwa kitembe chake, na mlinzi wa gereza kwa kigugumizi, ni kucheka maumbile, na kejeli iliyolenga wenye mamlaka ya maneno hapo hupotea njia. Aidha, kwetu tuliolelewa kumtaja Nabii Isa kwa kumsalia, kumwona akiigizwa na mwanadamu, hata kwa heshima, ni jambo zito. Silipunguzi uzito wake, na asiyetaka kuitazama kwa ajili hiyo simlaumu.

Hata hivyo, swali la filamu linabaki, nalo si la Wakristo peke yao. Kila imani hufikishwa na waliosikia, na waliosikia kwa waliosikia. Pwani yetu imejaa wafasiri, wahakiki na wenye kunukuu, nami ni mmoja wao. Tangu niione filamu hii, kabla sijasema kwamba mshairi fulani alikusudia kadha, hujiuliza kwanza: siku ile aliposema, mimi nilisimama wapi?